Kioo cha kuungwa kwa moto: kazi kubwa iko kwenye kupoa

Anayezungukia maduka ya sanaa ya Msasani na Mwenge jijini Dar es Salaam, au mabanda ya kazi za mikono wakati wa Sabasaba, anaweza kukutana na sahani ya kioo yenye samaki wa buluu ambao hawakuchorwa juu yake wala hawakubandikwa, bali wamo ndani ya kioo chenyewe kana kwamba walizama humo kikiwa laini. Mimi hutengeneza vitu vya namna hiyo, na maswali ninayoulizwa hayabadiliki sana. Wako wanaodhani ni plastiki ya kumimina, wako wanaodhani kimepulizwa kwa bomba, na wengi zaidi, hasa tangu mazungumzo ya kutumia upya chupa tupu yaliposhika kasi, huamini kwamba ukiwa na gunia la chupa na jiko la mkaa lenye moto wa kutosha umekwisha kupata kiwanda. Dhana hii ya tatu ndiyo inayonisumbua, kwa sababu inawafanya watu watumie fedha na nguvu zao kwenye joto, ilhali joto ndilo jambo jepesi katika kazi hii.

Tuanze na maneno, maana neno lenyewe linachanganya. Kwetu, kioo ni cha dirisha, ni cha kujitazamia, na siku hizi ni cha simu pia. Katika makala haya kioo ni ile mata yenyewe, iwe imekaa kama bamba la dirisha au kama chupa. Kuunga kioo ni kukata vipande vya kioo baridi, kuvipanga kimoja juu ya kingine kwa umbo unalolitaka, kuviingiza katika tanuri, kuvipasha joto hadi vilainike na kushikana kuwa kipande kimoja, kisha kuvipoza. Hakuna gundi iliyobaki ndani, hakuna kumimina, na fundi hagusi kitu chochote cha moto kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kupuliza kioo ni kazi nyingine. Mpulizaji huchota kwa bomba la chuma kioo kilichokwisha kuyeyuka, kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, akakizungusha na kukijaza pumzi kabla hakijaganda. Karakana ya Shanga kule Arusha hufanya hivyo kwa chupa zilizotumika. Madirisha ya rangi kama yale yaliyo nyuma ya altare ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, karibu na bandari yetu, ni kazi ya tatu, kwani madirisha ya aina hiyo kwa kawaida hushikizwa kwa vijiti vya madini ya risasi huku vioo vyenyewe vikiwa baridi. Watu wengi hufikiri kupuliza ndiko asili na kuunga ni mbinu ya juzi. Mambo yalikwenda kinyume. Wamisri wa kale walikuwa wakiunda vyombo vya kioo kwa moto yapata miaka 3,500 iliyopita, na kupuliza kulikuja baadaye sana, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, huko mashariki mwa Bahari ya Mediterania. Hapa Afrika, Wakrobo wa Ghana hadi leo husaga chupa kuwa unga, wakaujaza katika kalibu za udongo zenye vijiti vya mhogo vya kuacha tundu, wakazichoma katika tanuri na kutoa shanga. Ushanga ule ni kioo cha kuungwa.

Kioo cha kawaida hutokana na mchanga wa silika, magadi na chokaa. Silika peke yake ingehitaji joto la takriban nyuzi 1,700 ili iyeyuke. Magadi huishusha chini sana, na chokaa huzuia mchanganyiko huo usiliwe na maji. Silika huwa karibu asilimia 70 ya uzito wote. Chupa zinazotengenezwa hapa Dar es Salaam na kiwanda cha Kioo Limited, vioo bapa vinavyotoka Mkuranga, na vioo vinavyoingia kwa meli ni wa ukoo huu mmoja. Ni ndugu, lakini si mapacha, na tofauti hiyo ndogo tutarudi kuilipia.

Barafu ina mpaka: chini ya nyuzi sifuri ni gumu, juu ya hapo ni maji. Kioo hakina mpaka wa namna hiyo, kwa kuwa chembe zake hazikujipanga kwa safu kama za barafu au chumvi. Kinafanana zaidi na lami ya barabara zetu, ambayo asubuhi ni ngumu, saa nane mchana wa Februari inabeba alama ya kisigino, na kwenye pipa la mafundi inamiminika, bila kuwapo dakika hata moja ambayo mtu angeweza kusema kwamba sasa ndipo imeyeyuka. Sukari ya kashata nayo ni hivyo hivyo, huanza kama uji mzito na kuishia kuwa bamba linalovunjika kwa mlio. Kutokana na sifa hii limezuka dai kwamba kioo ni kimiminika kinachotiririka polepole sana, na ushahidi unaotolewa ni vioo vya makanisa ya kale ya Ulaya ambavyo vimenenepa upande wa chini. Dai hilo si kweli. Mafundi wa zamani hawakuweza kutoa bamba lenye unene sawa pande zote. Katika joto la chumba kioo ni kigumu na hakiendi popote.

Kwa kuwa kulainika kwake ni kwa hatua, fundi anaweza kusimama mahali anapotaka. Kwa vioo vya rangi vinavyotengenezwa maalumu kwa kazi hii, kwenye nyuzi 620 hadi 680 hivi bamba hulegea likajilaza ndani ya kalibu na kuwa bakuli, bila kupoteza sura ya uso wake. Kati ya nyuzi 730 na 760 vipande hushikana huku kila kimoja kikibaki na kimo chake, ukipitisha kidole unayasikia magamba ya samaki. Karibu na nyuzi 800 vyote huzama na kuwa uso mmoja laini. Kioo cha dirisha ni kigumu kidogo kuliko hivyo, na kwa muungano kamili hudai nyuzi 820 au zaidi.

Tanuri la kazi hii ni sanduku la matofali mepesi au sufi ya kuhimili moto, lenye nyaya za umeme, kipimajoto ndani na kidhibiti cha kielektroniki nje. Mara nyingi nyaya huwa juu, kwenye mfuniko, na anayejua kupalia wali mkaa juu ya kifuniko ataelewa sababu: unataka joto lishuke sawasawa juu ya eneo lote, lisiunguze upande mmoja. Chini ya kioo huwekwa kigae kilichopakwa unga mweupe wa kaolini na alumina ili kioo kisigande nacho. Kaolini ni udongo ule ule mweupe unaopatikana kwa wingi katika vilima vya Pugu, hapa hapa mlangoni kwetu, ingawa ukitoka ardhini hauna budi kuoshwa na kuchujwa kabla ya kufaa. Ukishapigwa na moto mkali mara moja hubadilika na kupoteza kazi yake, hivyo hukwanguliwa na kupakwa upya. Katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu kigae lazima kikaushwe kabisa, la sivyo mvuke hutafuta njia ya kutokea na kuacha mapovu chini ya kazi.

Unyevu huo huo ni adui wa vioo vyenyewe. Vioo bapa vikilazwa kimoja juu ya kingine kwa miezi mahali penye jasho la bahari hupata ukungu mweupe usiotoka kwa sabuni, na ukungu huo ukiingia tanurini hubaki katika kazi milele. Tenganisha kwa karatasi kavu, na visimamishe wima.

Kioo kilicholainika pia kina matakwa yake kuhusu unene. Bamba moja la milimita 3 likipelekwa hadi muungano kamili hujivuta kuelekea katikati na kingo zake huwa za mawimbi; mabamba matatu hutapanyika nje ya mpaka; mawili, yaani milimita 6, hutulia yalipo. Ndiyo maana sahani nyingi za kazi hii zina unene unaokaribiana hata kama waliozitengeneza hawajawahi kuonana.

Sasa tuje kwenye kupoa. Kila mtu amewahi kuona glasi ikipasuka ilipomiminiwa chai ya moto. Ndani imetanuka, nje bado haijapata habari, na kwa kuwa kioo hakinyumbuki, kinavunjika. Tanurini hatari hiyo ipo wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, lakini ya kushuka ni ya ndani zaidi. Sahani inapotoka nyuzi 800 kurudi chini, uso na kingo hupoa kabla ya kiini. Ikiwa sehemu za nje zitaganda wakati kiini bado kinalegea na kina safari ndefu ya kusinyaa, basi kiini kitakapoganda kitabaki kikivuta na nje ikizuia, na mvutano huo utafungiwa humo. Sahani itaonekana nzima. Utaiosha, utaiweka mezani, na siku moja itagawanyika bila kuguswa na mtu.

Tiba yake ni kupumzisha kioo. Maana yake ni kukishusha hadi joto ambalo bado kina ulegevu mdogo sana, usiotosha kubadilisha umbo lakini unaotosha chembe zake kulegeza mivutano, na kukishikilia hapo mpaka sahani nzima, juu na chini, ukingo na kiini, iwe na joto moja. Kwa kioo cha dirisha ni karibu na nyuzi 550. Kwa vioo vingi vya rangi vya kazi hii ni kati ya 480 na 520. Kisha hushushwa polepole. Ratiba ninayotumia kwa mabamba mawili ya dirisha yenye upana wa sentimita 20 hupanda nyuzi 150 kwa saa hadi 650, ikatulia hapo nusu saa ili hewa iliyonaswa kati ya mabamba itoke. Hupanda upesi zaidi hadi 825 na kukaa dakika 10 hadi 15. Huachiwa ishuke upesi hadi 550 na kupumzika saa nzima. Hushuka nyuzi 70 kwa saa hadi 370, halafu umeme huzimwa na mfuniko haufunguliwi mpaka ndani pawe chini ya nyuzi 50. Jumla ni kama saa 15. Katika hizo, muda ambao kioo kiko katika joto la kuungana ni robo saa, na zaidi ya nusu ya safari nzima ni kupoa. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kupoza hauongezeki mara mbili tu, bali hukaribia mara nne. Anayeuza kipande kinene kilichotengenezwa vizuri anauza siku kadhaa za subira, na bei yake isimshangaze mnunuzi.

Kupumzisha, hata kukifanywa kwa uangalifu wote, hakuwezi kuponya ndoa isiyofaa. Kila kioo kina kiwango chake cha kutanuka kikipashwa na kusinyaa kikipoa. Fundi cherehani anayeshona gauni la pamba na kulitia bitana ya kitambaa kisichosinyaa anajua kitakachotokea likifuliwa mara ya kwanza: litajikunja. Nguo ina uhuru wa kujikunja. Kioo hakina, kwa hiyo hupasuka. Chukua sahani ya sentimita 30 inayopoa kwa nyuzi 500. Kwa makadirio, kioo cha rangi kinachouzwa kwa alama ya 90 kitasinyaa milimita 1.35, na kioo cha dirisha chenye kama 84 kitasinyaa milimita 1.26. Tofauti ni milimita 0.09, karibu sawa na unene wa karatasi ya daftari. Hiyo inatosha kuivunja. Alama hizo, 90 na 96, ndizo utakazoziona kwenye vioo vinavyouzwa kwa kazi hii, na hesabu yake ni kutanuka kwa sehemu 90, au 96, kati ya milioni kumi kwa kila nyuzi moja. Usizichanganye hata kama rangi zimependeza pamoja.

Mimi nilichanganya. Miaka ya mwanzo niliweka majani yaliyokatwa kutoka chupa ya kijani juu ya bamba la dirisha, nikaipumzisha kazi ipasavyo, ikatoka nzuri kiasi cha kuitia rafuni sebuleni. Usiku wa nne nilisikia mlio mfupi kama wa kijiti kinachovunjwa. Ufa ulikuwa umefuata mpaka wa jani la kijani mzunguko mzima, kana kwamba mtu alilichora kwa sindano.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa swali la chupa. Chupa zinaweza kutumika, na zinatoa kazi nzuri, lakini chupa ya kijani ya kinywaji kimoja na ya kahawia ya kingine hazina ahadi yoyote ya kupatana, hata zikifanana kwa kuzitazama. Kanuni salama ni kazi moja kwa chupa moja: kata, osha, vunja, unga vipande vyake vyenyewe. Kwa bamba la dirisha, tumia mabaki ya bamba moja. Mafundi wa madirisha ya alumini huwa na vipande vingi wanavyovitupa, na nimekuwa nikiwaomba wavitenge kulingana na karatasi kubwa vilikotoka. Kioo cha mbele cha gari kisiingie tanurini kamwe, kwa sababu ni mabamba mawili yaliyoshikizwa kwa plastiki katikati, na plastiki hiyo ikiungua hutoa moshi mbaya na kuharibu kazi. Kioo cha pembeni cha gari kimeimarishwa kwa kupozwa ghafla kiwandani. Ukijaribu kukikata kinasambaratika kuwa punje, ingawa punje zake zinaweza kuungwa vizuri, kwani moto hufuta ule uimarishaji.

Chupa zina tabia moja zaidi. Zikikawia katika joto la kati ya nyuzi 700 na 800 uso wake hupata utando mweupe wenye mikwaruzo. Ni jambo lile lile linaloifanya asali safi igande chembechembe mtungini: mata isiyo na mpangilio imepata nafasi ya kujipanga. Asali iliyoganda haijachakachuliwa, na kioo kilichoota utando hakikuwa kichafu lazima, ingawa vumbi na alama za vidole huharakisha. Pita eneo hilo upesi unapopanda na unaposhuka.

Je, mkaa? Mkaa wenye mvukuto huzidi nyuzi 800 bila shida, na mhunzi analijua hilo kuliko mimi. Shida ni kwamba huwezi kuuambia ubaki kwenye nyuzi 550 kwa saa nzima na kisha ushuke 70 kila saa usiku kucha. Wakrobo huweza kwa kuwa shanga ni ndogo, na kitu kidogo hupoa nje na ndani karibu wakati mmoja. Sahani ya sentimita 30 haina rehema hiyo. Oveni ya mikate nayo haifiki hata nusu ya joto linalotakiwa.

Umeme una hofu yake, ya kukatika. Ukikatika wakati wa kupanda, kwa kawaida hakuna kilichoharibika: subiri tanuri lipoe, uanze upya. Ukikatika kileleni au wakati wa kupumzisha, usifungue mfuniko kutazama. Tanuri kubwa lenye kuta nene hupoa polepole lenyewe na huenda likaokoa kazi. Dogo hupoa haraka mno, na njia ya busara ni kuirudisha kazi ile hadi kwenye joto la kupumzikia, taratibu kama mara ya kwanza, na kuishusha upya. Kuhusu matumizi, tanuri la kilowati 3 ambalo nyaya zake huwaka kama nusu ya muda kwa saa 12 hula uniti 18 hivi, na kila mtu anaweza kuzidisha kwa bei anayonunulia LUKU.

Usalama usifanyiwe mzaha. Vumbi la kioo na la kaolini lisifagiliwe likiwa kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji, saga kioo kikiwa kimelowa, vaa barakoa inayochuja vumbi na miwani ya kukinga macho. Silika ikiingia mapafuni kwa miaka haitoki. Kata umeme kabla ya kuingiza mkono tanurini, na usivae nguo za nailoni karibu nalo.

Watu huuliza kama sahani hizi zinafaa kwa chakula. Kioo kitupu cha dirisha au chupa kinafaa, maana ndicho kile kile tunachonywea. Rangi za kupaka ni habari nyingine, kwa kuwa baadhi zina risasi au kadimiamu, madini yenye sumu, na muuzaji anapaswa kujua alichopaka upande unaogusa chakula. Kama hajui, iwe ya kuweka ukutani.

Anayenunua anaweza kujikagulia mwenyewe. Pitisha kidole ukingoni, uwe wa mviringo na usiokwaruza. Geuza uangalie chini. Alama hafifu za kigae ni za kawaida, unga mweupe uliogandia si wa kawaida. Kisha, kama una miwani ya jua ya aina ya polaroidi, washa kompyuta mpakato kwenye ukurasa mweupe na uzungushe miwani mbele yake mpaka skrini iwe nyeusi, halafu ingiza sahani kati ya skrini na miwani. Sahani iliyopumzika itabaki nyeusi nayo. Pale penye mvutano uliofungiwa patang'aa, mara nyingi kama ukungu wa mwanga kuzunguka kipande cha rangi, na sahani ya namna hiyo irudishe mezani kwa muuzaji, tena umwonyeshe mwanga huo, kwa sababu huenda yeye mwenyewe hajawahi kuuona.